Betri za boti ya uvuvi Nyumba ya Mungu: AH (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) ngapi, na waya upite wapi?

Mwalo_Langata, Moshi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua umeme wa volti 12, siyo wa nyumba.

Boti ni ya mbao, mita 7, inamaliziwa hapa Moshi na itashushwa Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata. Mashine ni HP 25, stroku mbili, ina stata ya umeme na kamba ya kuvuta pia. Kazi ni nyavu za perege na kambale: tunatoka jioni, tunatega, tunakesha majini, alfajiri tunapandisha nyavu. Mchana boti inakaa mwaloni juani.

Vitakavyokula umeme ni taa 3 za LED za wati 10 kila moja (mbili za kufanyia kazi, moja juu ya mlingoti ili tuonekane), pampu ndogo ya kutoa maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), sona ya kupimia kina na kutafuta samaki, na sehemu ya kuchajia simu mbili na redio.

Fundi mmoja anasema N70 moja (betri ya gari ya AH 70) inatosha kila kitu, kuanzia stata hadi taa. Mwingine anasema ninunue lithiamu ya AH 100, niweke vyote humo, niachane na betri za asidi. Wote wanaongea kwa uhakika, ila hakuna aliyepiga hesabu mbele yangu. Nataka kujua AH ngapi, aina gani, na namna ya kuunganisha isije ikaniunguzia boti katikati ya bwawa. Waya sijanunua bado.

Volti_Njiro, Arusha

Mkuu, tuanze na hesabu, maana betri hununuliwa kwa hesabu ya usiku mmoja.

Taa 3 za wati 10 ni wati 30. Gawa kwa 12, unapata ampea 2.5. Kwa saa 10 hiyo ni AH 25. Sona ndogo hula karibu ampea 0.8, ukiiwasha saa 5 ni AH 4. Pampu ile inayoandikwa 500 GPH, yaani kama lita 1,900 kwa saa, hula ampea 2 hadi 2.5 inaposukuma maji. Mbao zikishavimba, jumla ya saa 1 kwa usiku inatosha, weka AH 2.5. Simu mbili na redio, AH 4. Jumla ni 35.5, tuseme 36.

Angalizo hapo kwenye pampu: boti mpya ya mbao huvuja zaidi siku za mwanzo kabla mbao hazijanywa maji na kubana. Siku hizo pampu inaweza kufanya kazi mara tatu au nne ya hiyo hesabu, kwa hiyo usiende kukesha mbali na betri iliyopimwa kwenye karatasi tu.

Sasa, betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au zile zilizozibwa zisizoongezwa maji (jeli au AGM), haitakiwi kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu. AH 36 ikiwa ni nusu, betri nzima ni AH 72. Ongeza robo kwa ajili ya uzee, maana betri ya mwaka wa pili haina AH iliyoandikwa kwenye lebo. Unafika 90. Nunua AH 100 ya dipu saiko (betri ya kutumika kidogo kidogo kwa muda mrefu) na umalize. Ukienda lithiamu (LiFePO4), unaruhusiwa kutumia asilimia 80 bila kuiumiza: 36 gawa kwa 0.8 ni AH 45. AH 50 itakuwa imebana sana. AH 60 hadi 100 ndiyo sahihi.

Hiyo ni ya taa na vifaa. Stata ni kazi nyingine kabisa na inataka betri yake. Betri ya gari kama N70 ina bamba nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa ampea mia na zaidi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiifanya iwashe taa usiku kucha na kuishusha hadi volti 12.0 kila siku, ule unga wa risasi kwenye bamba unaanza kumwagika chini ya boksi, na miezi michache tu betri imekufa. Dipu saiko ina bamba nene, inavumilia kushushwa na kupandishwa mara mia kadhaa.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Stata inapozunguka, volti hushuka hadi 10 au chini ya hapo kwa sekunde mbili tatu. Sona itazima na kujiwasha upya kila ukiwasha mashine. Na kubwa zaidi, taa zikimaliza betri saa 9 usiku, mashine bado inawaka. Kamba ya kuvuta unayo, sawa, lakini HP 25 iliyolowa, gizani, upepo umeinuka, si mahali pa kutegemea kamba peke yake.

Kibo12, Moshi

Hesabu nimeielewa na sipingani nayo, ila N70 zinapatikana kila kona kuanzia Moshi mjini hadi Mwanga. Kwa nini asichukue N70 mbili azifunge pamoja apate AH 140? Bei inamtosha na zikifa anapata nyingine siku hiyo hiyo. Dipu saiko halisi ikiharibika pale Lang'ata ni safari ya kurudi mjini.

Volti_Njiro, Arusha

Kaka Kibo12, hoja ya upatikanaji ni ya kweli na nisingeidharau. Tatizo ni kwamba kuzifunga mbili pamoja hakubadilishi bamba. Bado ni nyembamba. Kwa AH 140, usiku wa AH 36 unashusha robo tu, kwa hiyo zitadumu kuliko N70 moja, hilo nakubali. Lakini mashine nayo ikichukua humo humo, umerudi pale pale: usiku mbaya mmoja unamaliza vyote.

Akiamua hivyo kwa sababu ya pesa, afanye hivi: N70 mbili za vifaa, zilizonunuliwa siku moja, aina moja, na betri ya tatu ndogo ya stata. Asifunge mpya na ya zamani. Ya zamani inaivuta mpya chini usiku kucha hata swichi ikiwa imezimwa. Na waya wa chanya utoke kwenye betri ya kwanza, wa hasi utoke kwenye betri ya pili. Ukitoa yote kwenye betri moja, hiyo moja inafanya kazi zaidi na inakufa mapema, kisha inamuua mwenzake.

MamaSola_Moshi

Nijazie kwenye lithiamu, kwa sababu huyo fundi wa pili amempa mwenzetu ushauri wa hatari bila kumwambia masharti yake.

Lithiamu ni nzuri kwa upande wa taa. AH 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13, wakati ya risasi ya AH 100 ni kilo 27 hadi 32. Inachajika haraka, inatoa volti 13 na kitu karibu usiku wote, na inavumilia mizunguko elfu mbili na zaidi. Kwa boti inayokesha kila siku, inarudisha pesa yake.

Usiiunganishe na stata wala na chaji ya mashine. Ndani yake kuna BMS, bodi ya ulinzi inayokata umeme ikiona ampea zimezidi au volti zimepanda mno. Lithiamu nyingi za AH 100 BMS yake inaruhusu ampea 100. Stata inapoanza kuzunguka inaweza kupita hapo kwa kitambo kidogo, BMS inakata, na boti nzima inakuwa giza. Upande wa chaji ndiyo mbaya zaidi: mashine ndogo za stroku mbili nyingi zina rektifaya (ya kugeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri) lakini hazina regyuleta (ya kuzuia volti zisipande mno). Ukipandisha mwendo, volti zinaweza kupita 15. BMS inakata kujilinda, na sasa koili ya mashine haina mahali pa kumwaga umeme wake. Volti zinaruka ghafla na kuunguza sona, taa na rektifaya yenyewe. Betri ya asidi ya maji inavumilia ziada hiyo, inachemka kidogo na kupoteza maji, basi.

Kwa hiyo kwenye stata weka betri ya kawaida ya maji, N50 au N70. Usiweke jeli upande huo pia. Jeli ikipigwa volti zaidi ya 14.4 kwa muda mrefu inakauka ndani na hakuna mahali pa kuongezea maji.

Lithiamu ichajiwe na sola tu, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ikiwa kwenye mpangilio wa lithiamu: 14.2 hadi 14.6, bila ile hatua ya kusawazisha seli ya betri za maji. Wala usiifunge sambamba na ya asidi, hata kwa dakika tano za kusaidia kuwasha. Volti zao za kupumzika ni tofauti, na ampea nyingi zinaweza kukimbia ghafla kati yake.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa pesa dukani: AH za kwenye lebo. Beba mizani. Betri ya risasi inayodai AH 100 na ina kilo 18 si AH 100, kwa sababu AH ya risasi ni uzito wa risasi. Kisha ijaribu kabla ya kushusha boti. Ichaji ijae, iache saa kadhaa, pima: iwe 12.6 hadi 12.8. Iunganishe na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, ambayo hula karibu ampea 4.5 hadi 5, iache iwake saa 10. Zima, subiri saa nzima, pima tena. AH 100 ya kweli itakupa 12.2 au juu kidogo. Ikikupa 11.8, umeuziwa nusu, irudishe na risiti ukiwa bado una haki.

Mwalo_Langata, Moshi

Asanteni sana, Mama Sola na kaka Volti. Nimeamua: N70 ya maji kwa stata, na jeli ya AH 100 kwa vifaa, lithiamu nitaifikiria mwakani. Sasa nielekezeni waya. Nina paneli moja ya wati 400 ya nyumbani ambayo haitumiki, je inafaa? Na betri zikae wapi, nyuma zote mbili?

Shaba25, Arusha

Kaka, kwenye waya ndiko boti nyingi zinakofia. Betri husingiziwa bure. Nitaanza nyuma ya boti kwenda mbele.

Betri ya stata ikae nyuma, waya usizidi mita 2 hadi kwenye mashine. Hesabu ni hii: shaba ina ukinzani wa 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita mraba 1. Mita 2 kwenda na 2 kurudi ni mita 4. Kwa waya wa 25, ampea 100 zinapoteza volti 0.28 njiani. Kwa waya wa 10 zinapoteza 0.7. Ukiipeleka betri mbele kwenye pua, mita 6 kila upande, hata waya wa 25 unapoteza 0.84, na betri ikishachoka kidogo stata itaguna tu bila kuzungusha. Basi nyuma, waya wa 25, wa nyuzi nyingi, unaokunjika.

Betri ya vifaa isiende nyuma. Mashine, tangi, mwendeshaji na N70 tayari vimekalia nyuma. Ongeza kilo 30 na boti itainua pua. Iweke katikati, chini ya benchi, juu ya ngama kwa kiasi ambacho maji yakiingia ghafla hayafiki kwenye teminali. Kila betri iwe ndani ya boksi lenye mfuniko na mkanda, isisogee zaidi ya sentimita 2 au 3 hata boti ikilala ubavu. Boksi la N70 liwe na matundu juu, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inalipuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo hiyo, tangi la petroli likae upande wa pili wa boti, mbali na swichi zote.

Kwenye chanya ya N70 weka swichi kubwa ya kuzungusha. Usiizime kamwe mashine ikiwa inawaka. Ukiizima, ni kama alivyosema Mama Sola kuhusu BMS: koili inakosa pa kumwaga umeme na rektifaya inaungua papo hapo. Bandika maandishi pembeni yake, maana kijana wa boti hatajua. Kisha washa mashine, weka mwendo wa kati, pima kwenye teminali za N70. Ukisoma 13.8 hadi 14.5, regyuleta ipo na ni nzima. Ukisoma zaidi ya 15, huna regyuleta. Kagua maji ya betri kila wiki. Ukisoma 12.6 ile ile ya kabla ya kuwasha, mashine haichaji kabisa: fuatilia koili, rektifaya na fyuzi ya mashine.

Upande wa vifaa: toka chanya ya jeli, ndani ya sentimita 20 weka fyuzi ya ampea 30, kisha waya wa 6 hadi swichi, kisha boksi la fyuzi la njia sita. Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya, kwa hiyo ukiiweka mwisho wa waya karibu na taa, waya wote nyuma yake hauna ulinzi. Ukisuguka kwenye ubao na kugusana na hasi, jeli inaweza kumwaga mamia ya ampea na plastiki itashika moto kabla hujafika na ndoo.

Kutoka kwenye boksi, kila kifaa kipate waya wake wa chanya na wake wa hasi, hasi zote zikutane kwenye basiba moja ya shaba (kipande cha kukutanishia waya). Usifanye kama kwenye gari, ambako bodi ndiyo hasi. Mbao haipitishi umeme, na ukitumia bodi ya mashine kuwa njia ya hasi ya taa unaisababishia kutu chini ya maji. Taa: waya wa 1.5, fyuzi 5. Taa mbili za mbele kwa mita 5 zinapoteza kama volti 0.2 tu. Sona: waya wa 1.5, fyuzi 3, na kebo ya kihisi chake isilale sambamba na waya mnene wa stata, iachie kama sentimita 30, vinginevyo kioo kitajaa mistari kila mashine inapowaka. Chaja za simu: waya wa 2.5, fyuzi 10.

Pampu ni habari nyingine, na hapa naomba usikilize vizuri. Waya wa kuifanya ijiwashe yenyewe hautoki kwenye boksi la fyuzi. Unatoka kwenye betri, kabla ya swichi kuu, na fyuzi yake peke yake ya ampea 5 karibu na teminali. Ukizima swichi kuu ukaenda kulala, pampu bado iko kazini. Boti zinazozama zikiwa zimefungwa mwaloni huzama namna hiyo: mvua ya usiku, pampu nzima, swichi imezimwa. Tumia swichi ya nafasi tatu: kujiwasha, kuzima, kulazimisha. Waya wa 2.5. Floti (swichi inayoelea, inayowasha pampu maji yakipanda) ikae sehemu ya chini kabisa ya ngama upande wa nyuma, mahali ambapo magamba ya samaki na vipande vya nyavu havitaishika; inue kwa mkono kila unapotoka uone kama pampu inaitika. Mdomo wa bomba la kutolea utoke juu ya usawa wa maji boti ikiwa imejaa mzigo. Ukiwa chini, maji yanarudi kwa njia ile ile pampu ikisimama.

Viungo vyote vya waya wa pampu viwe juu, ubavuni, visiwe ndani ya ngama. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kwa saa moja ya dharura. Maji yanapanda ndani ya nyuzi za shaba chini ya ganda, shaba inageuka nyeusi, na baada ya muda una volti 12 kwenye mita lakini pampu haigeuki. Tumia lagi za shaba (vichwa vya kufungia ncha za waya), zibanwe kwa koleo lake, si kugongwa kwa nyundo. Kisha mpira unaosinyaa ukipashwa moto, wenye gundi ndani. Vuta kwa mkono, ikichomoka ifanye upya.

Kufunga betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Kufungua, hasi kwanza. Sababu ni kwamba bodi ya mashine tayari ni hasi, na spana ikiwa kwenye chanya ikagusa mashine wakati hasi imefungwa, spana inakuwa nyekundu mkononi.

MamaSola_Moshi

Kuhusu paneli ya wati 400: inafaa kwa masharti. Hiyo ni paneli ya volti kama 31 zinapofanya kazi na karibu 37 ikiwa haina mzigo. Ukiiweka kwenye kontrola ya PWM (aina ya kawaida), kontrola inaishusha hadi volti ya betri na kupitisha ampea zake 13 tu. Yaani wati 170 hivi, zaidi ya nusu unazitupa. Hata hivyo ampea 13 kwa saa 4.5 za jua zuri ni AH 58. Wewe unahitaji 36 pamoja na kama asilimia 15 ya kupotea kwenye betri ya risasi, yaani AH 41 au 42. Inatosha. Hakikisha tu kontrola inakubali volti 50 za kuingia na ni ya ampea 20.

Ukitumia MPPT (kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea), chagua ya ampea 20, siyo zaidi. Jeli ya AH 100 nyingi haitaki kuchajiwa kwa zaidi ya ampea 20 hadi 25. MPPT kubwa itaisukuma kupita hapo na paneli yako ina uwezo wa kufanya hivyo.

Lakini usiifunge kwenye boti. Ina upana wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 20 na kitu, na upepo wa alasiri pale bwawani utaitumia kama tanga. Ifunge kwenye banda mwaloni, ulete waya wa 6 wenye plagi nene ya ampea 50, boti ikirudi unachomeka. Kontrola ibaki kwenye boti karibu na betri. Fyuzi ya 20 kati ya kontrola na betri. Kwenye kuunganisha, betri kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Kwenye kutoa, paneli kwanza. Kontrola inatambua kama ni mfumo wa 12 au 24 kwa kuangalia betri. Ikikutana na paneli ya volti 37 kabla ya betri inaweza kujipanga vibaya au kuungua. Kwa vile utakuwa unachomeka kila siku, chomoa upande wa paneli tu, upande wa betri usiuguse.

Na joto. Betri ya risasi hupoteza kama nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Lang'ata si Marangu. Weka kivuli juu ya benchi la betri, na kama kontrola ina waya wa kupima joto, ubandike kwenye ubavu wa betri ili ishushe volti za kuchaji mchana wa joto kali. Kwenye nyuzi 35 inatakiwa ishuke kama 0.2 hadi 0.3.

Mwalo_Langata, Moshi

Nimeelewa vizuri mno. Mawili ya mwisho. Bwawa likifungwa kwa uvuvi miezi kadhaa, betri nizifanyeje? Na leo dukani nimeonyeshwa waya wa 25 kwa bei nusu ya mwingine, unaonekana sawa kabisa kwa macho. Nichukue?

Volti_Njiro, Arusha

Zitoe kwenye boti, zijaze kabisa, zihifadhi kivulini. Pima kila mwezi. Ya risasi ikishuka chini ya 12.4 inaanza kufanya fuwele ngumu kwenye bamba ambazo chaja ya kawaida haiziondoi, ukikuta 12.4, ijaze siku hiyo. Rahisi zaidi ni kuacha jeli kwenye kontrola na paneli wakati wote. Kwa N70, ongeza maji yaliyotoneshwa tu hadi yafunike bamba kwa kama sentimita 1, baada ya kuchaji, siyo kabla, kwa sababu yanapanda yakichajiwa. Maji ya bomba ya Moshi ni matamu kunywa lakini yana madini, usiyatie. Asidi pia usiongeze, kinachopungua ni maji. Ukiwa na kipima asidi, seli zote sita zisome 1.25 hadi 1.27 betri ikiwa imejaa. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05, hiyo seli imekufa na betri nzima iko njiani. Ukihamia lithiamu, hiyo ihifadhi ikiwa nusu hadi asilimia 60, isijae.

Shaba25, Arusha

Waya wa nusu bei: kwangua kwa kisu. Nyuzi nyekundu nje na nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, usiichukue hata kwa bure. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, ina maana 25 hiyo ni kama 15 au 16, na kwenye unyevu alumini inaoza ndani ya lagi huku nje panaonekana pazima. Nyuzi nyeupe nje na nyekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati. Hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa boti, ukiipata ilipie. Shaba tupu yenye nyuzi nyingi inatosha kwa maji baridi kama ya bwawani. Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene usiingie kwenye boti hata kwa taa: mtikisiko wa mashine unaukata ndani ya ganda, karibu na skrubu, mahali usipoona.

Ukishanunua, pima urefu kwa kamba ukiwa kwenye boti yenyewe, ongeza sentimita 30 kila upande, na funga kila nusu mita kwa tai za plastiki juu ya ubavu, usiulaze kwenye sakafu.